Kiberiti Kisichozimwa na Upepo

Jumatatu, 3 Juni

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Naogopa kuwasha kiberiti.

Si kwamba naogopa moto. Moto ukishawaka na kutulia mahali pake, sina ugomvi nao. Ninachoogopa ni ile nukta ya katikati: njiti imekwaruzwa, haijawaka, halafu inawaka. Na vidole vyangu viko pale pale! Nina miaka kumi na sita. Naweza kueleza mwako kwa mchoro na mishale. Njiti sijawasha hata moja. Nyumbani hakuna anayejua, maana nimekuwa nikitumia akili. Nikiambiwa niwashe, naenda chooni. Au nakumbuka maji hayajatekwa. Au nauliza swali refu.

Sasa akili imefika ukingoni, na sababu ni Bibi.

Bibi anauza chai na mayai ya kuchemsha kwenye kona ya ukuta wa hospitali, chini ya kibaraza cha duka la picha. Alfajiri kabla ya shule mimi hubeba mtungi mdogo wa gesi wenye jiko lake kichwani. Yeye hubeba birika na maneno. Ananiita mume wangu, na njia nzima hunilalamikia: mume gani huyu mwembamba, kwao walimlisha karatasi?

Zamani jiko aliliwasha yeye. Siku hizi tukifika anaanza kutafuta miwani. Mume wangu, hebu washa hapo, miwani siioni. Miwani iko usoni. Mimi namwambia akiwasha yeye ndiyo chai inakuwa tamu. Anasema leo upepo mwingi. Nakubali haraka: upepo mwingi mno! Basi tunakaa, watu wawili na kiberiti kimoja, tunaungoja upepo uishe, mpaka mlinzi wa geti apite atuwashie. Mlinzi hapiti kwa ratiba.

Matokeo yake wauguzi wa zamu ya usiku wanatoka wanakuta jiko la baridi. Wanavuka barabara kwenda kwa mama anayeuza chai ya chupa, ambaye chai yake, kwa maoni ya Bibi, ilichemshwa wakati wa shida fulani ya zamani na haijamwagwa.

Leo Mama amesikia. Mama ni fundi cherehani, wateja humletea vitambaa na habari pamoja. Akasimamisha cherehani katikati ya mshono. Dalili mbaya. Akasema Bibi amechoka, vikombe anavunja, chai inachelewa, na yeye hataki siku moja aitwe kuambiwa mama yake ameungua kwa ajili ya chai. Jumamosi atakuja mwenyewe kwenye kona. Wauguzi wakitoka na chai haijawa tayari, meza inarudi nyumbani na haitoki tena.

Bibi hakujibu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Bibi hujibu hata redio. Alikaa tu, akalifuta birika lililokuwa safi.

Sijui Mama anaelewa kona ile ni nini. Anayetoka getini na mtoto mchanga, Bibi anajua jina la mtoto kabla ya baba yake. Anayetoka amebeba nguo za mgonjwa, zimekunjwa, mgonjwa hayupo, huyo Bibi hamuulizi kitu. Anammiminia chai. Anamsogezea kigoda. Nyumbani atammiminia nani?

Nimeamua. Tatizo ni upepo, mwenyewe kasema. Dawa yake ni kiberiti cha gesi kisichozimwa na upepo. Nitakichagua kitaalamu. Na kwa kuwa hakina njiti, huenda hata mimi... Tuone! Nalala nikitabasamu.

Jumanne, 4 Juni

Mapumziko yote nilikuwa maktaba. Nimepata kitabu cha watu waliopanda mlima wenye barafu. Ukurasa mzima kuhusu kuwasha moto! Nimeelimika.

Kumbe viko vya aina nyingi. Vile vya kawaida, moto wake ni wa njano, mlegevu, ukiupulizia unakufa. Halafu viko vidogo vya kuingia mfukoni vyenye moto wa buluu uliochongoka kama ncha ya kalamu. Huo unavuma. Upepo unaupita pembeni kwa heshima. Wapanda milima wanasema kiwe cha chuma, kifuniko kikazane maji yasiingie, kiwe na kidirisha cha kuonyesha gesi iliyobaki, kijazike tena, na kiwe kimejaribiwa juu sana, kwa sababu kule hewa ni nyepesi na vingine hugoma. Kona ya Bibi iko juu ya barabara kwa ngazi mbili. Hata hivyo nimeweka kimo kutoka usawa wa bahari kama sifa muhimu. Bora kujiandaa.

Baada ya shule nikaenda kwa Mzee Makufuli. Anauza makufuli, tochi, visu vya kukunja, na viberiti vya gesi vimepangwa ndani ya kabati la kioo. Nilikuwa nimejizoeza la kusema njia nzima. Nilipofika nikamwomba kufuli. Akaniuliza kufuli la namna gani. Nikasema la kuwashia moto.

Mzee ni mpole, hakucheka sana. Cha kwanza alichonionyesha kilikuwa kifupi na kinene, ubavuni kina ulimi mpana wa kubonyeza. Akasema hiki ndicho anachowapa watu wa kila siku, wa jikoni na wa safari, ukikigusa tu kinawaka. Nikakikataa. Kitu laini namna hiyo hakiwezi kuwa cha maana! Akaniuliza kwani nakitaka cha nini. Ningesema cha Bibi, angeuliza maswali ya Bibi. Nikasema nakwenda kupanda mlima.

Akanitazama kuanzia viatu vya shule hadi miwani. Akasema sawa, mlima. Akatoa cha chuma, cheusi, kizito kwa udogo wake, kina kifungo cha usalama cha kusukuma upande huu na kitufe kigumu cha kubonyeza upande ule. Kwa mikono yenye glavu, akasema, kisijiwashe chenyewe mfukoni. Yeye ana kimoja cha aina hiyo cha kuonyeshea wateja. Akawasha feni ya mezani, akakielekeza, akabonyeza.

Fyuuuu!

Niliruka nyuma. Nyuma kulikuwa na ndoo, zimepangwa moja juu ya nyingine kama mnara. Kulikuwa. Tulizikusanya pamoja, mimi na Mzee na mpita njia mmoja aliyetaka kujua kama kuna aliyekufa.

Lakini moto haukuzimika! Feni inapuliza, wenyewe umesimama wima. Nimekinunua papo hapo, bado kiko ndani ya boksi lake, kwa pesa nilizokuwa nikiweka kwa ajili ya kamusi kubwa. Maneno yatasubiri.

Jumatano, 5 Juni

Kwa nini sikumkabidhi Bibi mkononi, mtu ataniuliza. Kwa sababu nikimkabidhi ataniambia, haya mume wangu, niwashie nione. Kwa hiyo kilitakiwa kimfikie kimya kimya, kama bahati. Alfajiri nikakitumbukiza kwenye mfuko wa aproni yake iliyotundikwa mlangoni.

Mpango ulikuwa hivi: anaingiza mkono, anakikuta, anashangaa, anawasha, chai inachemka, Mama anashindwa.

Tulipofika kwenye kona akaingiza mkono. Akakikuta. Akashangaa. Mpaka hapo nilikuwa mtaalamu.

Halafu akakiinua juu na kuwatangazia watu wote waliokuwa wakingoja mlinzi: jamani, nani kasahau kiberiti chake hapa kwangu? Mimi si mtu wa kuweka vya watu!

Dereva mmoja wa teksi, mwenye kofia pana, akasema ni chake. Bibi si mjinga, akamwambia akieleze. Dereva akakitazama kilivyo mkononi mwa Bibi, akasema ni kidogo, cheusi, cha chuma. Bibi akastaajabu jinsi alivyokipatia. Akampa.

Nilifungua mdomo kupinga. Maneno yaliyotoka ni haya: je, sukari iongezwe?

Dereva akasema iongezwe.

Jumatano mbaya kuliko zote. Mlinzi alipita wauguzi wameshavuka barabara. Njiani kurudi Bibi hakunitania hata mara moja. Nilijaribu kumwanza mimi, nikamuuliza mke wangu vipi leo. Akanishika kichwa tu, akakiacha.

Alhamisi, 6 Juni

Dereva amerudi! Amekuja na hasira. Akakipiga kiberiti mezani, akasema yeye alikiacha hapa kimejaa gesi pomoni na sasa ni kitupu, nani aliyekuwa akikichezea? Bibi aliona aibu, akamwomba radhi, akampa yai. Akala. Akasema haitoshi. Akapewa la pili. Akala huku akisema hakitaki tena, hawezi kutumia kitu kilichokwisha kutumiwa na watu asiowajua. Akaondoka akiwa ameonewa.

Nami nikapata habari mpya: kumbe viberiti hivi huuzwa bila gesi. Cha kuonyeshea kilikuwa na gesi, cha boksi hakina. Niliporudi nyumbani nikalitazama boksi. Imeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo. Mimi, ninayesoma hata maelezo ya dawa ya mende, nilisoma kila kitu isipokuwa hapo.

Bibi amekitia kwenye aproni. Anasema mwenyewe kakikana, basi ni mtoto wa kulea. Nilimwona akigeuka ukutani na kukibonyeza, akidhani mimi sioni. Mabega yakapanda. Hakuna kitu. Nikafurahi: bila shaka ni gesi tu inayokosekana.

Gesi anayo Komando. Komando ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni kiongozi wa klabu ya kambi shuleni, hutembea na kamba kiunoni hata akienda dukani. Ananiita Profesa, na jina hilo halisemi kwa wema. Nikamwambia ninahitaji kujaziwa. Akasema bila ubaya, ila ana insha kuhusu utunzaji wa mazingira, ya kesho, na mazingira yenyewe hajaanza kuyatunza. Nikaiandika. Nilipoanza, sikuweza kujizuia. Ilitoka nzuri.

Kujaza ni hivi: unakigeuza kichwa chini, unatoa kwanza hewa iliyobaki kwa kubonyeza kitundu kwa ncha ya bisibisi, unakandamiza chupa ya gesi wima, kisha unakiacha kipate joto kidogo. Chini kuna gurudumu dogo la kuongeza na kupunguza moto. Komando alifanya yote hayo uani kwetu, mbele ya Bibi. Sikumwomba afanye mbele ya Bibi! Akakibonyeza kwa dole gumba moja, huku anatazama pembeni kama mtu anayefikiria mambo mengine.

Fyuuuu!

Nilijikuta nyuma ya tangi la maji. Komando akaniuliza, Profesa, huko kuna nini? Nikamwambia nakagua kutu. Tangi ni la plastiki.

Bibi akampigia makofi. Akasema tazama vidole hivyo, nguvu tupu, mwanamume wa nyumba ndiye huyu! Akamtengea chai. Mimi sikutengewa. Nimeachwa kabla sijaoa.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi kiberiti kilikuwa na gesi, upepo ulikuwa na adabu, na bado Bibi hakuwasha. Alisema kinataka kuzoeana naye kwanza. Mlinzi alituwashia, amechelewa.

Shuleni mwalimu akaisoma insha ya Komando mbele ya darasa zima. Akasema miaka yake yote hajapata kusoma kitu kama hiki. Akamwomba mwandishi asimame awaeleze wenzake maana ya neno "aghalabu". Komando akasimama. Akafikiri. Akasema ni aina ya mti. Mwalimu akauliza, unaoota wapi? Akasema, aghalabu hautunzwi.

Ataandika insha nyingine tano, chini ya usimamizi. Njiani kurudi akaniambia kwa kidole tu kwamba mimi na yeye basi.

Nyumbani nikaona mambo yamebaki kwangu. Kesho ni Jumamosi! Nikakitoa kiberiti kwenye aproni, nikaenda nyuma ya nyumba kufanya mazoezi. Nilivaa koti la mvua, kofia ya sufu, na miwani ya kuogelea juu ya miwani. Ndoo ya maji kulia, ndoo ya maji kushoto. Nikanyoosha mkono mbali kadiri mkono unavyoruhusu. Nikafumba macho. Nikasukuma kifungo, nikabonyeza kitufe. Kigumu! Kigumu kama jibu la hesabu. Nikatumia mikono yote miwili. Hakuna sauti niliyosikia, kofia ilikuwa imeziba masikio. Nikaendelea kubonyeza, nikihesabu kwa ujasiri. Kisha nikasikia harufu.

Kilikuwa kinawaka muda wote. Kibanio cha nguo kilichokuwa kwenye kamba juu yangu kilikuwa kimeyeyuka kama pipi. Nilipiga yowe, nikakitupa kiberiti ndoo ya kulia, nikaingia mwenyewe ndoo ya kushoto, mguu mmoja.

Mama akatoka na sindano mdomoni. Akanitazama. Akaitoa sindano. Akaniuliza kama nina homa. Nikasema hapana, Mama. Akauliza kama ni mambo ya msichana. Nikasema hapana, Mama! Akasema, baba, ukiwa na jambo utaniambia. Nikasema ndiyo. Akanivua kofia, akarudi kwenye cherehani.

Nimekikausha kiberiti kwa taulo. Kifuniko kilikazana, maji hayakuingia. Wapanda milima hawadanganyi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa na harufu ya chai kwenye shati.

Mama alikuja nasi. Alibeba kigoda chake, akakiweka mbele ya duka la picha, akakaa mikono imefungwa kama mtu aliyekata tikiti. Upepo ulikuwa wa kweli leo, unabeba karatasi. Mlinzi hakuonekana. Nilimtafuta kwa macho mpaka macho yakauma.

Bibi akafunga aproni. Akatoa kiberiti. Akatugeuzia mgongo, akaliinamia jiko. Mabega yakapanda, yakashuka. Yakapanda tena. Nikaenda upande wake eti kuweka vikombe, na hapo ndipo nikaviona vidole vyake. Nimeviona kila siku ya maisha yangu, na leo ndipo nimeviona kweli. Vifundo vimevimba, dole gumba limelala kando halitaki kupinda. Alikuwa anakibonyeza kitufe kwa kifundo cha kidole, kinateleza. Anabonyeza, kinateleza. Midomo imekaza.

Si upepo. Haukuwa upepo hata siku moja.

Akaniona naona. Akanong'ona, mume wangu, usimwambie mama yako, vidole vimenisusa. Njiti siwezi kuikamata. Akasema alifikiri nitamwashia bila kuuliza, mbona kila siku nasingizia utamu wa chai?

Nikamwambia. Kwa kunong'ona, mbele ya jiko la baridi, nikamwambia Bibi naogopa. Tangu lini? Tangu nizaliwe, Bibi. Akanitazama. Nikangoja acheke. Akasema, maskini, na wewe ulikuwa unangoja mlinzi?

Wote wawili tulikuwa tunamngoja mlinzi! Akacheka basi, bila sauti, mpaka machozi, na mimi nikacheka, na upepo ukatupigia aproni usoni. Mama akauliza kutoka kigodani kuna nini huko. Bibi akamjibu, hujaolewa na huyu wewe, hayakuhusu.

Kisha akanipanga. Akanisimamisha upepo uje mgongoni. Akaniambia moto kwanza, gesi baadaye, ukianza na gesi unatafuta maneno. Kiberiti mkononi mwangu, mdomo wake ukielekea kwenye jiko. Kidole changu kimoja kwenye kifungo cha usalama, dole gumba kwenye kitufe. Halafu akauweka mkono wake juu ya wangu, kiganja, si vidole. Kiganja cha Bibi kina nguvu za miaka yote ya kubeba birika. Akasema, wewe lenga, mimi nitasukuma. Nikasema bado, Bibi. Akasema sawa, bado. Akangoja. Hakuniharakisha. Wauguzi wa kwanza walikuwa wameanza kutokeza getini, na Bibi akangoja kama mtu mwenye siku nzima.

Nikasema haya.

Fyuuuu.

Sikukimbia. Nisingeweza, alikuwa amenikamata. Ule moto mdogo wa buluu ukasimama katikati ya upepo mkubwa, haukutikisika. Bibi akafungua gesi kwa mkono wa pili, jiko likapokea.

Maji yalichukua muda wake. Wauguzi wawili walishaanza kuvuka. Bibi akawaita kwa sauti ambayo sikuisikia wiki nzima: nyinyi mnakwenda kunywa historia wakati huku kuna chai? Wakarudi wakicheka, wakasimama wakiota joto la jiko mpaka birika likaimba.

Mama alikunywa chai. Akaomba sukari. Watu walipopungua akauchukua mkono wa Bibi, akaufungua kama anavyofungua kitambaa kutazama ulipo mpasuko. Akavitazama vidole kimoja kimoja. Akamuuliza kwa nini hakusema. Bibi akasema, ningesema ungeninyang'anya meza. Mama akasema, ni kweli, ningekunyang'anya.

Akainama, akajifanya anafunga kiatu. Kiatu cha Mama hakina kamba.

Hukumu ikatoka wakati wa kuosha vikombe. Meza inabaki. Jumatatu Bibi atapelekwa kwa madaktari, ng'ambo ya ukuta ule ule, apewe dawa ya vifundo. Na asiwashe jiko peke yake kwa kukwaruzana na kiberiti kigumu namna hii: awashiwe na mtu, au apate kiberiti anachokiweza.

Kiberiti anachokiweza! Nimesikia kwa masikio yangu mawili. Kazi imerudi kwangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimempeleka Bibi kwa Mzee Makufuli, achague mwenyewe. Wazo langu. Kisayansi kabisa: mtumiaji anajaribu kwa kidole chake.

Mzee akaniuliza mlima ulikuwaje. Nikasema mzuri. Bibi akauliza mlima gani. Nikauliza bei ya tochi.

Akavitandaza vyote juu ya kioo. Vyembamba kama kalamu, vya duara, vya moto mmoja, vya mioto miwili. Bibi alijaribu viwili vitatu, akakunja uso, vigumu. Kisha Mzee akamsogezea kile kifupi kinene, chenye ulimi mpana ubavuni, kile nilichokikataa Jumanne. Nikasema hicho ni laini mno, nikageuka kutazama bango la wapanda milima ukutani, maana lilikuwa na maelezo.

Nyuma yangu nikasikia fyuuu. Kisha tena, fyuuu.

Nilipogeuka, Bibi alikuwa anakirudisha kwenye kabati, polepole, anakilaza kama yai. Nikamuuliza vipi? Akatikisa kichwa. Akasema kigumu, mume wangu. Kigumu ajabu. Mkono umekufa ganzi kabisa. Akanionyesha mkono uliokufa ganzi kwa kuutikisa juu juu.

Nikamuuliza Mzee ile sauti ilikuwa ya nini. Akasema feni. Feni ilikuwa haizunguki, labda ilikuwa imezimika wakati huo huo. Mzee alikuwa anatazama dari na kutabasamu. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema anaukumbuka ujana wake.

Bibi akasema basi, hakuna chake hapa, atavumilia tu kuwashiwa na mimi kila siku, atafanyaje. Alisema kwa huzuni kubwa. Njiani aliimba.

Maskini Bibi. Nilimshika mkono mpaka nyumbani. Ule uliokufa ganzi ulinibana mno.

Jumatatu, 10 Juni

Leo tumewasha tena. Kifungo mimi, kiganja yeye. Jicho moja nililifumbua kabisa.

Chai ilikuwa tayari kabla ya wauguzi. Kabla hata yao alitoka mzee mmoja getini, amebeba kwapani vitenge vya mkewe, vimekunjwa vizuri, na viatu vya kike mkononi. Bibi akammiminia. Mimi nikasogeza kigoda. Mzee alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, hakunywa, alikuwa anataka joto tu. Nikafikiri: Jumatatu iliyopita angekuta jiko la baridi.

Dereva wa teksi naye akapita, akakiona kiberiti mezani, akasema kinafanana sana na chake. Bibi akampa yai akamwambia aende. Watu walipopungua Mama akaja kumchukua Bibi, wakaenda kwa madaktari.

Nimeyafikiria yote haya darasani, kipindi kizima cha hesabu. Nimefikia uamuzi. Bibi anateseka. Kila alfajiri inambidi anisubiri nikusanye ujasiri, tena wakati mwingine nasema bado mara tatu. Anahitaji kiberiti atakachokiweza peke yake, na kwa kuwa duka zima limeshindwa, kosa lazima liwe kwenye sifa nilizoziweka. Niliweka kimo kutoka usawa wa bahari chini mno. Nitaanza upya, kwa makini zaidi. Nikikipata sitamwambia, atakataa kwa haya. Nitakitumbukiza kimya kimya kwenye mfuko wa aproni, akikute mwenyewe, kama bahati.

Kengele ya mapumziko ilipolia nikaenda maktaba. Nikaazima tena kitabu cha wapanda milima. Nimekifungua ukurasa wa moto.